Karara Limepasuka

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Watu wakiisikia methali hii hucheka, wakamfikiria mume aliyekawia safarini, akarudi na kukuta kitoto kinachofanana na jirani. Wacheke tu. Wahenga hawakuwa na haja ya kutuonya juu ya majirani peke yao. Walikuwa wakisema kwamba kila jambo jema lina saa yake, na saa hiyo haimngoji anayejivuta, hata akiwa na moyo mzuri namna gani. Mwenye shaka na aje kwetu Degash, kwenye mitende ya Jeridi, kusini mwa Tunisia, aulize habari za nyumba ya Manubia. Akikosa wa kumsimulia, basi nitamsimulia mimi.

Manubia alikuwa mjane mwenye watoto wawili, Lazhar na dada yake mdogo Najwa. Lazhar alikuwa mpanda mitende, mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Alimwoa Dalila, binti wa mfumaji, msichana mrefu mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Walipendana hadi majirani wakachoka kuwasema. Walichokosa ni mtoto.

Tatizo lilikuwa kwamba damu ya mwezi ya Dalila haikujua kalenda. Ilikuja, ikapotea miezi mitatu, ikarudi bila hodi, ikapotea tena. Mara ya kwanza ilipopotea, Manubia alifurahi kupita kiasi. Alikaanga ufuta, akachemsha asali, akatengeneza zriri nzima, kile kitamu anacholishwa mwanamke aliyejifungua. Zriri ilikuwa bado haijapoa vizuri, damu ikarudi. Dalila alilia mpaka macho yakavimba. Ndipo mama mkwe wake alipomkalia kando, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake, na kulitoa lile neno.

"Nyamaza, mwanangu. Mtoto yumo humo humo. Ni ragidi. Amelala tu."

Kwetu ragidi ni mtoto aliyelala tumboni mwa mama yake. Anaweza kulala mwaka, anaweza kulala miaka kumi, na siku akijisikia akaamka na kuendelea kukua. Bibi zetu waliliamini jambo hilo, na imani hiyo iliwafunika wanawake wengi kama blanketi wakati wa baridi kali. Mwanamke mwenye ragidi hawezi kuitwa tasa. Huyo ni mjamzito mwenye mtoto mvivu, na hakuna mwenye ruhusa ya kumnong'oneza mumewe amwache.

Basi kila aliyeuliza, Manubia alimjibu kwa ragidi. Aliyeuliza zaidi ya wote ni wifi yake Dhahabia wa Gafsa, shangazi yake Lazhar, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kumenya vitunguu. Kila Idi alipokuja, hata kabla hajavua viatu, alipaza sauti: "Haya jamani, huyo ragidi wenu bado anakoroma tu?"

"Anakoroma sana, wifi yangu," Manubia alimjibu. "Karithi usingizi wa ukoo wenu."

Watu walicheka, na Dalila alipona siku ile. Lakini blanketi likiwa zito sana, aliyefunikwa hainuki. Kila damu ilipopotea, nyumba nzima ilingoja. Iliporudi, Manubia alisema, "Kajigeuza upande tu, ataamka." Wakangoja tena. Miaka ikapita hivyo, Dalila akaanza kuona mvi mbili tatu juu ya paji, na hakuna aliyewahi kutamka neno daktari. Ungempelekaje kwa daktari mtu ambaye haumwi, ana mtoto aliyelala tu?

Kilichomshtua Dalila ni msiba. Jirani yao Bi Haniya alifariki akiwa kikongwe, na Bi Haniya naye alikuwa na ragidi tangu ujana wake. Dalila alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Mmoja wao alipitisha kitambaa juu ya lile tumbo lililokunjamana, taratibu, akasema kwa huruma ya kweli, "Maskini, anazikwa na mwanawe." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Dalila akaliangalia tumbo lile, akaliona lake. Alitoka uani, hakurudi ndani.

Aliporudi nyumbani alimkuta Lazhar akinoa mundu. Akasimama mbele yake, mikono yake ingali inanukia kafuri.

"Lazhar, mimi sitaki kuzikwa na mwanangu. Nataka kumzaa."

Lazhar aliweka mundu chini. Kesho yake walikwenda mjini Tozeri, kliniki kwa Daktari Widad.

Daktari Widad alikuwa mtoto wa huku huku, kwa hiyo aliposikia habari ya ragidi hakucheka. Alimlaza Dalila kitandani, akalipiga tumbo picha kwa mashine yake ya kuonea ndani, akapima na damu, kisha akawaketisha wote wawili.

"Humu hakuna aliyelala, dada yangu," alisema kwa upole. "Mayai unayo, tena mengi. Yanaanza kukua, halafu yanakwama njiani kabla ya kupevuka. Ndiyo maana damu yako inakuja inavyotaka. Ungekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi, lakini umekuja, na tutajaribu."

Akampa vidonge vya kulisaidia yai lipevuke, akamtaka awe anarudi kupigwa picha ili waone kama limekua. Mzunguko wa kwanza haukuleta kitu. Wa pili vilevile. Daktari akaongeza kipimo cha dawa, kisha akaongeza tena. Safari zote hizo waliziita safari za kununua uzi. Manubia hakuambiwa. Kumwambia kwamba hakuna aliyelala kungekuwa sawa na kumwambia, "Mama, miaka yote hii umekuwa ukitudanganya," na Dalila alimpenda mno kumfanyia hivyo.

Wakati huo huo harusi ya Najwa ikafika. Mchumba wake alikuwa akifanya kazi Marsei, Ufaransa, na likizo yake fupi iliangukia majira ya machipuko, wakati mitende inapotoa maua. Nyumba ikapakwa chokaa, kondoo wakanunuliwa, na siku moja kabla ya hina Dalila na Lazhar wakatoroka asubuhi kwenda Tozeri, kwa kisingizio cha kutafuta lozi.

Daktari Widad aliitazama picha, akaitazama tena, akatabasamu mpaka miwani ikapanda.

"Hili hapa! Limepevuka. La kwanza tangu tuanze." Alikuwa tayari anaandaa sindano. "Nakuchoma hii sasa ili litoke. Litatoka kesho usiku. Nisikilizeni vizuri, wote wawili. Kesho, kabla ya usiku, msiache kuwa pamoja. Mbegu ya mwanamume inaweza kukaa ikangoja, ila yai likishatoka halingoji. Haliishi hata siku nzima. Na niwaambie ukweli: dawa hii nimeshaipandisha hadi mwisho wake. Hili likipita, mimi hapa sina jingine la kuwapa. Itabidi muende Tunis kwa njia ngumu zaidi, na umri nao unakwenda. Siwezi kuwaahidi kitu."

Lazhar alikuna kichwa. "Daktari, kumbe ni karara."

"Karara la nini?"

"La mtende jike. Likipasuka ua likatoka nje, una siku chache tu za kulipelekea unga wa dume. Ukijivuta, mtende unakuzalia sishi, vile vitende vikavu visivyo na kokwa."

"Basi, bwana," alisema daktari huku akibonyeza pamba mahali pa sindano, "karara ndilo hilo, limepasuka."

Walirudi nyumbani wakishikana vidole ndani ya mfuko wa lozi. Walipofungua mlango, mioyo iliwashuka hadi miguuni. Wageni wa Gafsa na wa Sfaksi walikuwa wamewahi. Sebuleni magodoro yalikuwa yametandikwa ukuta kwa ukuta kwa ajili ya wanaume. Vyumba vilivyobaki vilijaa wanawake, watoto na masanduku. Na kitandani mwao wenyewe, viatu vimevuliwa, kilemba kimewekwa juu ya mto wa Lazhar, alikuwa amelala Shangazi Dhahabia, akikoroma.

"Nimempa chumba chenu," Manubia alimnong'oneza Dalila kwa fahari. "Mgongo wake mbovu. Wewe utalala na mimi na mashangazi, na Lazhar atalala na wanaume. Ni siku nne tu, mwanangu."

Dalila asingeweza kukataa, wala wasingeweza kuondoka. Mke wa kaka wa bibi harusi akionekana anatoka na mumewe siku za hina, tena akiwa hana mtoto, watu hawatasema anakwenda matembezi. Watasema ana kijicho, amekimbia furaha ya wifi yake, na kikitokea lolote katika ndoa ile atabeba lawama yeye.

Jioni ile, wanawake wa nyumba wakijipaka hina yao mapema, Lazhar alijitahidi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha wanawake, akakohoa, akasema, "Dalila, njoo unitafutie soksi."

"Soksi zipi?" wakadakia mashangazi watatu kwa pamoja. "Za sufi au za pamba? Kaa, Dalila, kaa, una hina mikononi. Tutamtafutia sisi!"

Baada ya muda mfupi Lazhar alikuwa na jozi saba za soksi mikononi, na hakuna mke. Akarudi kwa wanaume akiwa mwekundu usoni.

Siku ya hina ikapambazuka. Asubuhi ikaliwa na wageni, adhuhuri ikaliwa na vyombo. Kila Dalila alipoinua macho kulitazama jua, lilikuwa limesogea. Alipokuwa akikata vitunguu vya kuskusi, machozi yalianza kumtoka, na vitunguu vilipokwisha hayakukoma. Manubia aliingia kuchukua kijiko, akamwona, akaufunga mlango wa jiko kwa mgongo wake.

"Nani kakusema? Dhahabia? Nitamkata ulimi nimpikie nao."

"Si yeye, Mama."

"Ni nini, basi? Mbona unaniogopesha?"

Dalila aliweka kisu chini. Alijaribu kuyazunguka maneno, akashindwa, yakatoka yote: daktari, vidonge, picha, sindano, yai la kwanza na pengine la mwisho, usiku wa leo. Mwishowe akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama. Daktari anasema hakuna aliyelala. Hajawahi kulala mtu humu."

Manubia alikaa juu ya debe la mafuta, akaitazama mikono yake iliyopakwa hina.

"Mara ya kwanza niliamini," alisema hatimaye. "Wallahi niliamini. Mara ya pili niliomba Mungu iwe kweli. Baada ya hapo, mwanangu, nilikuwa nikisema tu. Niliwaona wanakuangalia kama sufuria iliyotoboka, nikasema wacha nikufunike. Sikujua kwamba nilikuwa nakuchelewesha. Mimi ndiye wa kuomba msamaha."

Dalila alipiga magoti mbele yake, wakakumbatiana katikati ya vitunguu, wote wawili wakilia. Kisha Manubia akajifuta pua, akatazama dirishani jua lilipofika, na sura yake ikabadilika kabisa.

"Lazhar kasema nini asubuhi kuhusu ule mtende wa kisimani kule shambani?"

"Kwamba karara limepasuka. Kwamba ataushughulikia harusi ikiisha."

"Harusi ikiisha! Mjinga kama baba yake." Akasimama, akafungua mlango kwa kishindo, akatoka uani palipojaa watu, mikono kiunoni. "Lazhar! We Lazhar! Unakaa hapa unakula lozi na mtende wa kisimani karara limepasuka? Mtende wa marehemu baba yako! Unataka utuzalie sishi mbele ya wakwe? Chukua kamba, nenda sasa hivi!"

Uwanja mzima ukageuka. Lazhar alimtazama mama yake kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji. Wageni wa Sfaksi hawakuelewa, lakini wazee wa Jeridi waliitikia kwa vichwa, maana kwetu harusi inaweza kungoja, mazishi yanaweza kungoja kidogo, lakini karara halingoji.

"Mama, leo?"

"Leo! Na msaidizi wako nimemtuma kwa mchinjaji, kwa hiyo mkeo atakushikia vishada. Dalila! Vaa viatu!"

Shangazi Dhahabia aliyakodoa macho. "Tangu lini mwanamke akaenda kuchavusha mtende siku ya hina?"

"Tangu leo, wifi yangu. Wewe una mgongo mbovu, ungeweza kwenda wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Manubia alimsindikiza Dalila hadi mlango wa nje, akamtengenezea mtandio kama siku alipoletwa bibi harusi. Hapo alimsogelea sikioni, akasema polepole, "Nenda kamwamshe. Mimi nimengoja aamke mwenyewe, haamki."

Shambani kulikuwa kimya, maji yakipita kwenye mfereji chini ya makomamanga. Lazhar aliegemeza kamba kwenye shina la mtende wa kisimani, akaviweka vishada vya mtende dume juu ya jiwe, unga wake mweupe ukimwagika vidoleni. Aliangalia juu kwenye karara lililofunguka, akaangalia kibanda cha makuti, akamwangalia mkewe.

"Nianze na mtende?"

"Lazhar!"

"Nauliza tu. Mama kasema mtende."

Dalila akacheka kile kicheko chake cha mtaa wa pili, ambacho Lazhar hakuwa amekisikia muda mrefu. Kisha kicheko kikaisha, akaogopa. "Na isipowezekana?"

"Isipowezekana, nitabaki na wewe," alisema Lazhar. "Sikukuoa kwa ajili ya mtu aliyelala. Nilikuoa wewe uliye macho." Alimshika mkono wenye hina, akaubusu, mkono wake mwenyewe ukiwa umejaa unga wa maua. Wakaingia kibandani, na sisi wenye adabu zetu tutabaki nje kwenye mfereji.

Walirudi jua likiwa limekwisha kuzama, ngoma zikilia, na hakuna aliyewauliza kitu. Harusi ikapita vizuri, Najwa akaenda kwa mumewe kwa vigelegele. Baada ya hapo Dalila hakuona damu. Lakini lini kutoiona damu kulikuwa ni habari kwake? Hakuthubutu kufurahi. Alikwenda kwa Daktari Widad akiwa ameuma midomo, akatolewa damu ya kupimwa, na daktari alipotoka na jibu alimkumbatia. Wiki chache baadaye aliigeuza ile mashine, akamwonyesha nukta inayopigapiga kama jicho linalojaribu kufumbuka. Manubia alikuwepo safari hiyo. Aliitazama ile nukta kwa muda mrefu, akaikaripia kwenye kioo: "Haya, amka, mvivu we! Watu tumekungoja."

Msimu wa kuvuna ulipofika, Shangazi Dhahabia alikuja kutoka Gafsa kuchukua fungu lake la tende. Tumbo la Dalila lilikuwa limetangulia mbele, naye ameketi chini ya mkomamanga akichambua. Mitende yote ilikuwa imeelemewa, tende ng'avu kama asali. Mmoja tu ulisimama na aibu yake. Mtende wa kisimani ulikuwa umezaa sishi, mikungu mizima ya vitende vyembamba, vikavu, visivyo na kokwa.

Dhahabia aliokota kimoja, akakipasua kwa kucha, akatazama ndani. Aliangalia juu kwenye mtende. Akamwangalia Lazhar, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kukunja kamba. Akaliangalia tumbo la Dalila. Midomo yake ikatembea, ukaona kabisa anarudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka siku ya hina.

"Manubia!" alipiga kelele. "Siku ile hawakuugusa huu mtende!"

"Hawakuugusa," alikubali Manubia bila kuinua kichwa kwenye ungo. "Siku ile, wifi yangu, makarara yaliyopasuka yalikuwa mawili na mtu wa kazi alikuwa mmoja. Moja lilibidi lichelewe."

Dhahabia alicheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, mgongo mbovu na yote, akatambaa hadi kwa Dalila na kulibusu lile tumbo huku machozi yakimtoka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumjue kukosa la kusema.

Mtoto alizaliwa wakati wa baridi, msichana, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Manubia alikaanga ufuta, akachemsha asali, na safari hii zriri ililiwa yote. Mtende wa kisimani ungali upo, na machipuko yaliyofuata Lazhar aliuwahi wa kwanza kabla ya yote. Lakini vile vitende vya mwaka ule Manubia aliweka kiganja kimoja ndani ya chupa dirishani, na akija mwanamke mwenye machozi kumwuliza habari za ragidi, humpa kimoja akipasue, aone hakuna kokwa, kisha humwelekeza njia ya kliniki ya Tozeri na kumwambia: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.